Wapime homa ya betri, ninakolala kunawahusu nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bajaji ya umeme hapa Tanga, kijiwe changu kipo Ngamiani. Chombo nimekichukua kwa mkataba wa miezi 24, hesabu nalipa kila siku kwa simu, na betri nabadilisha kwenye vituo vyao. Wiki iliyopita programu ya kampuni imeleta masharti mapya. Wanataka nikubali "taarifa za chombo na mtumiaji" zipelekwe kwa "watengenezaji, taasisi za fedha, bima na washirika wengine wa kibiashara". Chini kuna kitufe kimoja tu: Nakubali. Wenzangu kijiweni wameshabonyeza. Mke wangu anasema nisibonyeze. Mimi sina cha kuficha, ila nataka kujua wanaona nini hasa, na nikikubali napoteza nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkeo ana akili, mshike. Lakini usibonyeze wala usisuse kabla hujajua kilichomo ndani ya hilo neno "taarifa", maana humo wamefunga pamoja vitu viwili. Kimoja wanakihitaji kweli, kingine wanakitaka tu.

Ndani ya boksi la betri unalopachika kila siku kuna ubao mdogo wa kielektroniki, na kazi yake ni kuilinda betri isijiue. Unapima volti za seli, umeme unaoingia na kutoka, joto, chaji iliyobaki, na unahesabu betri imejazwa na kumalizwa mara ngapi. Seli ikichemka kupita kiasi, ubao unakata umeme kabla mambo hayajawa mabaya. Halafu kwenye chombo kuna kifaa cha pili chenye laini ya simu ndani yake na GPS. Huyo ndiye msemaji. Kila baada ya sekunde au dakika kadhaa, kutegemea walivyokipanga, kinatuma ujumbe mfupi kwenye seva ya kampuni: namba ya betri, saa, joto, chaji, kasi, na mahali ulipo.

Kwenye habari za betri sina ugomvi nao. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote katika chombo hicho, na jua letu la Januari na Februari halina huruma. Mtengenezaji akijua kwamba betri za Tanga zinapanda joto saa nane mchana kuliko alivyotarajia, anaweza kurekebisha namna zinavyochajiwa, nawe ukafaidika. GPS nayo ina kazi yake. Usije ukamsikiliza mjanja wa kijiweni akakukatia waya. Utakuwa umevunja mkataba, na siku chombo kikiibwa Makorora usiku, kikakutwa Muheza kimebaki fremu, hutakuwa na pa kuanzia kuuliza.

Ugomvi unaanza pale joto la betri na mahali ulipo vinapofungwa kwenye bahasha moja na kupewa mtu mwingine.

Nikuonyeshe. Mwaka huu nilikaa na dereva mmoja, mtu mzima mwenye familia, tukafungua kwa ridhaa yake kumbukumbu za siku kumi za bajaji yake. Sikutazama picha wala kusikiliza simu, hamna vitu hivyo humo. Nilisoma saa na mahali tu. Kila usiku kabla ya saa tano chombo kinasimama Mikanjuni na hakitikisiki mpaka saa kumi na moja alfajiri: hapo analala. Ijumaa saa sita na robo kinasimama Barabara ya Kumi na Mbili kwa saa nzima na ushee: anaswali. Jumanne zote mbili, saa mbili asubuhi, kimekaa Bombo, penye hospitali ya mkoa, kwa muda wa saa tatu bila abiria. Hapo mwenyewe aliacha kucheka, akaniambia mama yake anahudhuria kliniki ya sukari. Jumamosi saa mbili usiku kiko Sahare, dakika arobaini. Nikamuuliza, na hapa pana nini? Akanijibu, "Fundi, funga hiyo kompyuta."

Naye alikuja kwangu akisema hana cha kuficha, kama wewe.

Kampuni itakwambia usihofu, tukizipeleka kwa washirika tunaondoa majina. Hilo jibu limezeeka. Mwaka 2013 watafiti akina Yves-Alexandre de Montjoye walitoa utafiti wao juu ya kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 kwa muda wa miezi 15. Walikuta kwamba ukijua sehemu nne tu alizokuwapo mtu, na saa zake, unaweza kumchambua kutoka kwa wenzake wote, na hilo linawezekana kwa asilimia 95 ya watu. Sehemu nne. Hesabu nilizokutajia hapo juu: Mikanjuni, Barabara ya Kumi na Mbili, Bombo, Sahare. Jina la yule bwana sikukutajia, na mtu wa mtaani kwake akisoma hapa huenda ameshamjua (ndiyo maana nimebadilisha mitaa miwili). Kwa hiyo mtu akikwambia ameondoa jina lakini ameacha mahali, hajaondoa kitu. Kinachotakiwa kuondolewa ni mahali.

Sasa hao "washirika". Uone kwanza mambo mawili yaliyotokea kwa wenzetu, maana yanatofautiana na watu huyachanganya.

La kwanza ni la uzembe. Desemba 2024 jarida la Ujerumani Der Spiegel, likishirikiana na wataalamu wa usalama wa kompyuta wa Chaos Computer Club, lilitoa habari kwamba taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen, yakiwemo Audi, Seat na Skoda, zilikuwa wazi kwenye hifadhi ya kukodi ya mtandaoni. Aliyekuwa anazitunza ni Cariad, kampuni ya programu ya kundi hilohilo. Kwa magari kama 460,000 mahali palionekana kwa usahihi mkubwa, mengine hadi sentimita kumi. Waandishi waliweza kufuata nyendo za wanasiasa wawili. Hakuna aliyeuza kitu pale, wala hakuna aliyevunja kufuli. Mlango ulisahauliwa wazi, basi. Hiyo ilikuwa nakala moja, kwa kampuni yenye fedha na wahandisi wa kutosha. Wewe unaombwa uruhusu nakala ngapi, na kwa nani? Sentensi yao haina mwisho: "na washirika wengine wa kibiashara". Hicho ni kikapu kisicho na kitako.

La pili ni la makusudi. Machi 2024 mwandishi Kashmir Hill wa New York Times alieleza jinsi General Motors ya Marekani ilivyokuwa ikikusanya namna watu wanavyoendesha magari kupitia huduma yake ya OnStar, kisha habari hizo zikafika kwa LexisNexis na Verisk, kampuni zinazoandalia bima wasifu wa wateja. Ulifunga breki kwa ghafla mara ngapi, ulikimbia kiasi gani, uliendesha usiku saa ngapi. Watu wakaona bima zao zinapanda bila kujua kwa nini, na wengi walidhani walijiunga na kitu cha kuwasaidia kuendesha vizuri. Januari 2025 mamlaka ya biashara ya huko, FTC, ilitangaza uamuzi wa kuizuia kampuni hiyo kwa miaka mitano kuwapa wakala wa aina hiyo taarifa za mahali na za uendeshaji. Magari yale hayakuwa ya umeme peke yake. Cha kuangalia ni ile laini ya simu iliyofichwa ndani. Ila chombo cha umeme kina mengi zaidi ya kusema, kwa sababu hata kula kwake kunaandikwa: kimechajiwa wapi, saa ngapi, kwa muda gani.

Utasema bima yangu ni ile ndogo ya lazima, haipangwi kwa breki. Kweli. Hofu yangu kwako iko kwa taasisi za fedha. Chukua mwezi wa Ramadhani. Mchana kijiwe kinapoa, abiria hakuna, unalala kivulini. Baada ya tarawehe mji unaamka na wewe unapiga kazi mpaka saa saba usiku. Mtu wa Tanga akiona hivyo anajua ni mfungo. Kompyuta ya mkopeshaji aliyeko mbali inaona mtu ambaye kilomita zake za mchana zimeporomoka ghafla na ameanza kuendesha saa za hatari. Mwezi wa Shawali ukienda kuomba mkopo wa bajaji ya pili unaambiwa hukidhi vigezo, na yule binti wa dirishani hajui vigezo gani, yeye naye anasoma alichoambiwa na mashine.

Na kuna jambo ambalo hukuliuliza. Laini inayotuma inaweza pia kupokea. Kampuni nyingi zinazokopesha vyombo vya umeme zina uwezo wa kukizima kwa mbali ukichelewa hesabu. Hilo pengine liko kwenye mkataba wako wa awali. Uliza kwa maandishi: hao washirika wanapewa kusoma tu, au na kuamuru? Kuzimiwa chombo kimeegeshwa nyumbani ni hasara ya siku moja. Kuzimiwa unateremka Pongwe na abiria watatu nyuma, na lori la saruji linakuja nyuma yenu, ni habari nyingine.

Kijiweni najua mnaambiana Wachina wanawafuatilia. Uvumi huo una chimbuko. Nchini China magari ya umeme yanatakiwa kutuma taarifa zake, pamoja na mahali yalipo, mpaka kwenye vituo vya serikali. Shirika la habari la AP liliandika mwaka 2018 kwamba watengenezaji zaidi ya 200 wanazipeleka. Lakini utaratibu huo ni wa magari ya kwao, yanayotembea kwao. Chombo kutengenezwa kule hakumaanishi kwamba kila ukikata kona ya Chumbageni mtu wa Beijing anajua. Cha kuuliza ni seva ya kampuni yako iko wapi, na mtengenezaji anapelekewa nini.

Mimi namwogopa zaidi mtu wa karibu. Nimefunga vifaa vya kufuatilia malori miaka mingi kabla sijaingia kwenye betri, na niliona jambo katika yadi moja ambayo sitaitaja. Karani wa kuangalia skrini alikuwa kijana wa hapahapa mjini. Akaona lori fulani linalala nje ya nyumba fulani kila likirudi safari. Hakuwa mwizi wala hakulipwa na mtu. Aliona, akamwambia rafiki yake, rafiki akamwambia shemeji yake, na jioni ya tatu mke wa dereva alikuwa getini na kanga kiunoni. Sisemi dereva alikuwa na haki. Nasema karani hakuwa na kazi na jambo lile. Hata Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, haikusalimika: Reuters iliandika Aprili 2023 kwamba kati ya 2019 na 2022 wafanyakazi walikuwa wakirushiana picha na video zilizochukuliwa na kamera za magari ya wateja. Kama kule watu hawawajui wanaowacheka, fikiria Tanga, ambako ukipiga chafya Usagara unaombewa Duga.

Linganisha na mabasi ya Dar. Mabasi ya masafa marefu yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na sijasikia dereva mwenye akili timamu akilalamika kwamba ni siri yake. Anayefuatilia anajulikana kwa jina, sababu inajulikana, ni kasi na roho za abiria. Kwenye masharti yako hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Hapo ndipo sheria inapokushika mkono. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake ya kupokea malalamiko. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze lengo na wanaokusudiwa kuzipokea, na asizitumie kwa lengo jingine lisiloendana na lile. Inakupa haki ya kuuliza wana nini juu yako, kusahihisha, kuzuia zisitumike kukutangazia biashara, na kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, kama ule wa mkopo wa Shawali. Kuzipeleka nje ya nchi nako kuna masharti yake. Kwa maoni yangu, na nayasema kama fundi aliyesoma sheria, si wakili, "washirika wengine wa kibiashara" hakumtaji mpokeaji yeyote.

Kwa hiyo usibonyeze leo. Waandikie kwa njia yoyote inayobaki na ushahidi: barua pepe, ujumbe ndani ya programu, au barua ya mkono igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Maneno yasiwe makali. Unaweza kuandika hivi:

"Nakubali taarifa za betri (joto, volti, chaji na idadi ya mizunguko) zipelekwe kwa mtengenezaji, bila jina langu, namba yangu ya simu wala mahali chombo kilipo. Nakubali kampuni ione mahali chombo kilipo kwa ajili ya wizi, dharura na mkataba wangu. Sikubali mahali na nyendo zangu zipelekwe kwa taasisi ya fedha, bima au mtu mwingine bila kuniomba upya kwa kumtaja jina. Naomba orodha ya wanaopokea taarifa zangu sasa, muda zinaokaa, nchi zinakohifadhiwa, na kama kuna mwingine zaidi yenu anayeweza kukizima chombo."

Ukienda na wenzako kumi wa kijiwe ni bora kuliko peke yako, hata kama wameshabonyeza, maana aliyekubali anaweza kuandika kwamba anaondoa ridhaa yake. Wakikujibu kwamba bila kubonyeza hubadilishiwi betri, omba hilo nalo walitie kwenye maandishi. Mara nyingi hapo sauti hubadilika. Isipobadilika, barua yako na jibu lao ndivyo vya kupeleka Tume. Na ikiwa mwisho wa mwezi umefika, betri imekwisha na watoto wanataka kula, bonyeza ukafanye kazi, lakini siku hiyohiyo tuma barua kwamba umebonyeza kwa kulazimika na kwamba pingamizi lako liko palepale. Sitakuambia ulaze chombo kwa ajili ya kanuni wakati hesabu inakungoja.

Simu yako nayo iangalie usiku wa leo. Programu ya kubadilishia betri inahitaji kujua ulipo wakati unatafuta kituo, basi. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa, mahali uweke "wakati wa kutumia programu tu", na majina ya kwenye simu uyafunge kabisa. Umesahau watu walivyodhalilishwa na mikopo ya mitandaoni, mtu amechelewa siku mbili, mkwewe anatumiwa ujumbe? Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Mengi ya hayo matusi yalianzia kwenye ruhusa moja ya kusoma majina.

La mwisho ni la miezi 24 ikiisha, ukikabidhi au ukikiuza chombo. Futa akaunti na uandike kuomba kumbukumbu zako zifutwe, usiishie kufuta programu kwenye simu. Mwaka jana jirani mmoja wa Raskazone alipokea Nissan Leaf, gari la umeme, iliyotumika kutoka Japani, akaniita nimwangalizie betri. (Gari la aina hiyohiyo ya Leaf mwaka 2016 lilimshughulisha mtaalamu wa usalama Troy Hunt: alionyesha kwamba ukijua namba ya utambulisho wa gari, ile inayosomeka kwenye kioo, unaweza kusoma safari za mtu aliye nchi nyingine na kumwashia kiyoyozi. Nissan ikaifunga programu ile kwa muda.) Betri ya jirani ilikuwa imechoka lakini inatembea. Nikaingia kwenye ramani ya gari kutafuta namna ya kubadili lugha. Kulikuwa na alama ya nyumba. Nikaigusa, ramani ikasogea yenyewe, ikavuka bahari tupu kwa muda, ikatua kwenye mtaa mmoja mwembamba pembezoni mwa Yokohama, mbele ya nyumba ya mtu. Chini yake kulikuwa na sehemu tano alizozoea kwenda, na simu mbili zilizowahi kuunganishwa, kila moja na jina la mwenyewe. Mke wa jirani akachungulia begani kwangu, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mwenye gari wa kwanza, nikatafuta kitufe cha kufuta.